Witiri kwa Baba, Shufwa kwa Fundi

Mpango wao ulikuwa hivi: Baba ananunua vitabu vyenye namba witiri, Fundi ananunua vya shufwa. Cha kwanza Baba, cha pili Fundi, cha tatu Baba, na kuendelea. Aliyenunua anasoma kwanza, akimaliza anampa mwenzake, na mwenzake akimaliza anakirudisha kwa mwenyewe. Hakuna kuruka. Hakuna kumdokeza mtu yaliyo mbele. Sheria hizo hazikuandikwa popote, lakini niliwaona wanaume wawili wazima wakizishika kuliko walivyoshika dawa walizoandikiwa hospitali.

Vitabu vyenyewe viliitwa Daraja Halikuvunjika. Ni vyembamba, jalada la manjano, karatasi ya kuchafua vidole kwa wino. Vilianza kutoka nikiwa bado mdogo shuleni, na vilikuwa bado vinatoka nilipomaliza darasa la mwisho la msingi na kukaa kwenye cherehani. Habari yake ni ya vile vita vya enzi za babu zetu, ambavyo upande wetu ulishindwa kwa sababu daraja lililipuliwa kabla jeshi halijavuka. Kila mtoto anafundishwa hivyo. Mwandishi yeye akasema: haya, tuchukulie mvua ilinyesha, utambi ukalowa, baruti ikagoma. Daraja likabaki limesimama. Kuanzia hapo akashika njia yake, na kila ulichokuwa unakijua kikawa kingine.

Baba alikuwa dereva wa lori jeshini kabla sijazaliwa. Alipotoka alifungua banda la kuziba pancha, watu wakamwita Gia. Fundi, ng'ambo ya barabara, alikuwa mshonaji wa suruali na sare za shule. Baba ndiye aliyempa jina la Sindano, kwa sababu ya umbo kuliko kazi. Mimi nilikuwa binti wa huyu na mwanafunzi wa yule. Huyo mshonaji nyumbani nikimwita baba mdogo, kazini nikimwita Fundi. Kwa hiyo mwenye kuvusha vitabu barabara nilikuwa mimi. Na nikivivusha, nasoma. Hakuna aliyeniuliza kama nasoma, nami sikuwaambia.

Wasomaji wanavigawa vitabu hivyo mafungu matatu, na kila fungu lina jina. La kwanza ni Mto. Hapo jeshi linavuka daraja, kapteni yuko mbele, na kila sura ikiisha wamesonga mahali. La pili ni Mji. Wameshinda, wameingia mji wa adui, sasa wanatakiwa kuuendesha: maji, mkate, makarani, wezi, na kapteni aliyekuwa anapendwa anaanza kufanana na wale aliowafukuza. La tatu ni Mlima. Wanarudi nyuma kupitia njia za milimani, na anayefuatwa si kapteni tena, ni koplo mmoja dereva wa msafara wa mizigo.

Jumamosi jioni, kazi ikipungua, walikuwa wanakaa kwenye benchi mbele ya duka la Fundi na kuyapima mafungu hayo kama watu wanaochagua mchumba.

"Mto," Baba anasema. "Huniambii kitu. Mto umenyooka."

"Umenyooka kama suruali ambayo haijavaliwa," Fundi anajibu. "Gia, niambie wewe uliyekuwa jeshini. Katika Mto, umewahi kuona lori limezimika? Tairi limepasuka? Mtu kaumwa tumbo?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi ndiyo raha yake. Tairi zilizopasuka ninazo bandani. Ninunue kitabu ili nikazione tena?"

"Wewe unataka kubembelezwa. Mimi nataka Mlima. Mlima unanuka dizeli."

"Dizeli unaijulia wapi, Sindano? Wewe hata mafuta ya cherehani unayamwaga."

Mji hakuna aliyeutetea. Baba alisema ni habari za ofisini. Fundi alisema mwandishi alikuwa amechoka. Mimi niliupenda. Katika Mji kuna mwanamke anayepiga pasi sare za maofisa, sare zile zile, kwanza za hawa halafu za wale, na hakuna anayempa habari yoyote, ila yeye anajua nani kakonda na nani kaongeza kiuno. Mwandishi alimpa kurasa chache tu. Nilizirudia mara nyingi kuliko kurasa zote za daraja. Lakini Jumamosi mimi nilikuwa ndani nafunga vishikizo, na benchi lilikuwa la watu wawili.

Ugomvi wao uliingia na kitabu cha kumi na nane.

Kilichelewa. Muuza magazeti alisema mashine ya mchapaji imekufa, na kilipokuja kilikuja pamoja na cha kumi na tisa. Fundi akanunua chake, Baba akanunua chake. Kwa sheria yao, Baba alipaswa kukaa na cha kumi na tisa bila kukifungua, mpaka Fundi amalize cha kumi na nane na kumpa. Fundi husoma polepole, kurasa chache kati ya suruali na suruali. Mara kwa mara nilimwona Baba akivuta shingo kutazama ng'ambo.

Siku Fundi alipomaliza, hakunituma mimi. Alivuka mwenyewe na tepu shingoni, kitabu mkononi, anatabasamu. Nilikuwa nimempelekea Baba chakula, kwa hiyo nilikuwepo. Baba alikuwa amechutama, amezamisha tyubu kwenye beseni la maji, anatafuta mapovu.

"Gia," Fundi akasema. "Huyu koplo wa Mlima ni wewe mtupu."

Baba hakuinua kichwa. "Ni mimi vipi?"

"Ni wewe. Kama vile mwandishi alikaa siti ya pembeni akakutazama. Yaani nimesoma huku nakuona."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nimesoma mwenyewe. Na wewe nakujua nje ndani."

Baba aliitoa tyubu majini. Tundu lilikuwa bado halijaonekana. Akaikung'uta, akaitundika.

"Kama unanijua nje ndani," akasema, "rudi kwenye pindo zako."

Fundi alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. Akaweka kitabu juu ya rundo la tairi, akasubiri kujibiwa. Baba akachukua tyubu nyingine. Fundi alisimama kidogo, akazungusha tepu kidoleni, kisha akavuka barabara kurudi kwake.

"Mrudishie mwenyewe," Baba akaniambia, akionyesha kitabu kwa kidevu.

"Hujakisoma."

"Nimesema mrudishie."

Jioni ile ile alikusanya vitabu vyake vyote vya witiri, na cha kumi na tisa juu yao, akavifungia ndani ya sanduku la vipuri. Mama alimtazama akihangaika na kufuli. "Mmegombana?" akauliza. Baba akasema hapana. Mama akasema, "Haya. Wazee wawili mmenuniana kwa ajili ya watu wa karatasi. Mngekuwa na wajukuu mngewafundisha nini?" Baba akasema sanduku linahitaji bawaba mpya.

Tangu siku hiyo benchi likakaa tupu. Wakikutana barabarani wanasalimiana, salama, salama, kila mtu na njia yake. Fundi aliniuliza mara moja, akiwa na pini mdomoni, "Baba yako anaumwa?" Nikasema haumwi. "Nilimkosea nini?" Nikasema sijui, na ilikuwa kweli. Hakuuliza tena, lakini kitabu cha kumi na nane alikiweka kwenye rafu ya vitambaa, mahali ambapo mtu akiingia anakiona. Baba hakuingia.

Mvua zilikuja, zikaisha. Kisha Fundi akatuambia anahama. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa amemtayarishia chumba, na macho yake hayakuwa tena ya kuingiza uzi. Cherehani ya miguu ingebaki na mimi. Angeondoka mwisho wa mwezi. Nilimfikishia Baba habari hiyo. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, mpaka kwenye viwiko.

"Aende salama," akasema.

Mama aliniambia jikoni kwamba Baba hana rafiki mwingine. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imeisha. "Akiondoka Sindano hivi hivi, baba yako atabaki kuongea na tairi. Na tairi hazimjibu."

Nilianza kwa kukisoma cha kumi na nane, kwa kuwa kilikuwa kazini, juu ya rafu. Humo koplo anaendesha lori lenye majeruhi kupitia kijiji kinachowaka. Kioo kimevunjika, mikono imeungua, na hasimami. Akifika ng'ambo anashuka, anahesabu aliowabeba, halafu anakwenda pembeni kutapika. Hakuna anayempongeza. Kitabu kinaishia hapo. Nikaelewa Fundi alikuwa anamsifu Baba, tena sifa kubwa kuliko alizowahi kumpa uso kwa uso.

Cha kumi na tisa kilikuwa sandukuni, lakini Baba mwenyewe ndiye aliyenituma humo kuchukua pampu ndogo. Nilichukua pampu na kitabu. Nilikisoma mchana wa Jumapili, nyuma ya nyumba.

Humo koplo yule yule amekwama kwenye kivuko. Maji yanapanda. Ofisa anapiga kelele: acha lori, panda la mbele. Nyuma, chini ya turubai, kuna watu wawili waliolala kwenye machela, na koplo anajua wapo. Anashuka. Anapanda la mbele. Sura inayofuata inazungumzia mambo mengine kabisa, na kitabu kinaisha bila kumrudia.

Kwenye ukurasa huo kulikuwa na alama ya gundi ya viraka, nyeusi, umbo la kidole gumba. Na ukurasa uliofuata, na uliotangulia.

Nilikaa na jambo hilo nikilipanga. Vitabu vilifungiwa siku ya ugomvi, na ufunguo wa kufuli ulining'inia msumarini jikoni tangu hapo. Mama angemwona kama angeuchukua, na Mama husema kila anachokiona. Basi gundi ile iliingia kabla. Baba aliruka. Alichoka kumsubiri Fundi, akakisoma cha kumi na tisa kabla ya cha kumi na nane. Na Fundi alipovuka barabara na tabasamu lake kusema koplo huyu ni wewe mtupu, mmoja alikuwa na lori linalopita motoni, mwingine, asiyejua cha kumi na nane kina nini, alikuwa na lori lililoachwa majini. Na Baba asingeweza kuuliza unasema koplo yupi, maana angejulikana ameruka.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoielewa. Kulikuwa na sehemu nyingine ambayo sikuielewa bado.

Siku iliyofuata nilimpelekea chakula. Alikuwa peke yake, anakwangua tyubu kwa msasa.

"Baba, cha kumi na nane hukukisoma."

"Sikukisoma."

"Ndani yake koplo haachi lori. Anapita nalo motoni, anawafikisha watu wake wote. Baba mdogo alikuwa amesoma hicho tu. Cha kumi na tisa unacho wewe. Hajawahi kukigusa."

Msasa ulisimama. Hakuuliza nimejuaje. Alitazama kidole gumba chake, akakifuta kwenye suruali.

"Kwa hiyo hajui," akasema.

"Hajui nini?"

Alinitazama kama mtu anayesoma namba za gari linaloondoka. Kisha akasema, "Nipe hiyo gundi."

Nilimpa. Akaziba kiraka chake, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akasubiri kikauke. Halafu akasema, "Kilete hicho cha kumi na nane."

Alikisoma mchana kutwa, hadharani, ameketi juu ya rimu. Mtu mmoja alifika na tairi la baiskeli, akasimama, akakohoa. Baba akamwambia, "Kaa, nipo vitani." Yule mtu akakaa.

Siku mbili kabla ya Fundi kuondoka, Baba alivuka barabara. Alikuwa amevaa shati safi. Duka lilikuwa limejaa maboksi. Fundi alikuwa anafunga mikasi yake kwenye kipande cha flana, mmoja mmoja. Baba alisimama mlangoni na kitabu cha manjano.

"Zamu yako," akasema.

Fundi hakuonyesha mshangao. "Zamu yangu ilishapita, Gia."

"Haijapita. Kitabu hakijakufikia, zamu inapitaje?"

"Na wewe ulikisoma lini?"

Baba alikohoa. "Niliruka."

"Uliruka." Fundi akaweka mkasi chini. "Wewe? Uliyeninunia wiki nzima kwa sababu nilikudokeza kwamba farasi wa kapteni anakufa?"

"Sindano, soma. Ukimaliza, rudia yale uliyoniambia pale bandani. Kama bado unayaona hivyo."

Baba akaenda kukaa kwenye benchi nje. Fundi akaniangalia mimi, nami nikainamia suruali niliyokuwa nafumua. Akavaa miwani, akakaa kwenye cherehani, kwa kuwa viti vingine vilikuwa vimefungwa. Fundi akisoma kwenye cherehani mguu wake hukanyaga, polepole, bila uzi wala kitambaa, na gurudumu linazunguka bure. Nilisikia sauti hiyo kwa muda mrefu. Baba naye alikuwa anaisikia. Mgongo wake ulikuwa unaonekana kupitia mlango, haujaegemea popote.

Kisha mguu ukasimama. Haukuendelea tena, ingawa kurasa ziliendelea kugeuka.

Alipomaliza alitoka, akakaa upande wake wa benchi. Mimi sikusogea. Mlango ulikuwa wazi.

"Ndiyo maana," Fundi akasema.

"Ndiyo maana."

"Mimi nilikuwa nasema lile la motoni. Huku sikuwa nimefika."

"Najua sasa. Binti ameniambia."

Lori la maji lilipita, likatia vumbi. Walisubiri lipungue.

"Kitabuni wapo watu wawili nyuma," Fundi akasema. "Kwako?"

"Waliniambia ni mablanketi. Maji yalikuwa yameshafika kwenye ekseli. Amri ilikuwa acha, panda la mbele. Turubai lilikuwa limefungwa."

"Hukulifungua."

"Sikulifungua."

"Ulisikia kitu?"

"Injini ilikuwa inaunguruma. Katika mngurumo ule husikii kitu."

"Basi yalikuwa mablanketi."

"Nimesema waliniambia ni mablanketi."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nilikuwa nimeshika uzi mmoja muda wote huo bila kuuvuta. Nilijua kitu ambacho Baba alikuwa amevuka barabara kukitafuta, na kwamba angekikosa au angekipata kwa neno litakalofuata.

"Narudia basi," Fundi akasema. "Huyu koplo ni wewe mtupu. Cha kumi na nane, na hiki."

Baba alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyeambiwa tairi lake limejaa upepo vya kutosha.

"Na bado utasema Mto ndio bora?" Fundi akauliza.

"Mto ndio bora. Katika Mto magari hayazimiki."

"Ndiyo maana ni uongo."

"Ndiyo maana ni bora, Sindano. Hata mimi nikifika mtoni pale naendelea."

"Wewe hutabadilika."

"Wewe nawe ukienda kwa binti yako usimfundishe kumwaga mafuta."

Kesho yake walibishana kuhusu vitabu. Baba alitaka Fundi achukue vyote, asome njiani. Fundi alisema vibaki vyote hapa, kule chumba ni kidogo. Walivutana mpaka Mama akatoka na kusema kama wamekwama yeye atavitumia kuwashia moto. Mwishowe wakabadilishana: Fundi akaondoka na vya witiri, vya Baba, Baba akabaki na vya shufwa, vya Fundi. Nikawauliza hilo lina faida gani. Kila mmoja akanijibu kwamba mwenzake ndiye aliyetaka.

Sasa duka ni langu mchana, na cherehani ya Fundi ina sauti ile ile. Cha kumi na tano na cha kumi na saba viko mbali. Hapa kuna cha kumi na sita tu katikati, kinaanza mtu akiwa ameshaumia na kinaisha kabla hajapona. Baba hukisoma hivyo hivyo.

Cha ishirini kilitoka mwezi uliopita. Kilitundikwa kwenye kamba ya muuza magazeti, mahali ambapo Baba hupita kila asubuhi.

"Mzee, kimefika," muuza magazeti akamwambia.

"Nimekiona."

"Nikuwekee?"

"Si zamu yangu."

Mimi ningeweza kukisoma pale pale nimesimama; muuza magazeti hanikatazi. Nilikishika, nikakifungua ukurasa wa kwanza. Kivuko kipo. Lori lipo, maji yamepungua, na mtu fulani anatembea kulielekea. Nikakifunga, nikakirudisha kwenye kamba.

Juzi kifurushi kimefika, chembamba, ukubwa wa kitabu kimoja. Fundi alikuwa amekifunika kwa kipande cha kitambaa cha sare, akakishona pande zote kwa mkono. Mishono haijakaa sawa, kwa macho yake yale, lakini imekaza. Nilikipeleka bandani. Baba alinawa mikono, akakipokea, akakigeuza, akakiweka mapajani.

Nilimwambia hiyo ni kazi yangu, anipe nifumue.

"Hapana," akasema. "Nipe mkasi."